Kuunganisha Vifaa vya USB na Kompyuta Kongwe

Utangulizi

Msafiri atokaye Dodoma mjini kuelekea magharibi kwa Reli ya Kati hupita Zuzu kabla ya kufika Kigwe. Zuzu ni kata ya Jiji la Dodoma, na wengi wamelisikia jina lake kwa sababu ya kituo kikubwa cha kupoza umeme kilichoko huko. Kituo hicho hupokea umeme wa msongo wa kilovolti 220 na kuupunguza ili uweze kusambazwa. Mimi niliitwa Zuzu, lakini si kwa ajili ya kilovolti 220. Niliitwa kwa ajili ya volti 5.

Mwalimu mmoja wa jiografia wa shule ya sekondari ya upande huo alikuwa amepima mvua kila siku tangu mwaka 2003. Vipimo aliviandika kwanza katika madaftari, kisha akaviingiza katika kompyuta ya shule. Mwaka 2014 shule ilipata kompyuta nyingine, na ile ya zamani ikasukumwa pembeni pamoja na vipimo vilivyomo. Baadaye mchwa waliingia stoo wakala madaftari. Hivyo miaka kumi na miwili ya mvua ya Zuzu ikabaki mahali pamoja tu: ndani ya diski kuu ya kompyuta kongwe, ambayo ilikuwa imekwisha kuanza kutoa mlio wa kukwaruza.

Katika uwanda wa kati mvua hunyesha msimu mmoja kwa mwaka, na wastani wake hauzidi sana milimita 600. Mahali kama hapo, kumbukumbu ya miaka kumi na miwili ni mali ya mkulima kama ilivyo mali ya mwalimu. Lakini kila flashi iliyochomekwa katika kompyuta ile ilikataliwa. Mwalimu alinieleza hivi: "Daktari, flashi ni nzima na kompyuta ni nzima, ila hazijuani."

Maneno hayo yanalieleza tatizo kwa usahihi kuliko vitabu vingi. Makala haya yanakusudia kueleza ni kwa namna gani kifaa cha USB na kompyuta "hujuana", ni wapi kujuana huko hukatika endapo kompyuta ni kongwe, na mwalimu au mwanafunzi afuate utaratibu gani ili kugundua mahali palipokatika.

USB ni nini?

Kabla ya USB, kila kifaa kilikuwa na tundu lake: printa tundu lake, kibodi lake, kipanya lake. Katikati ya miaka ya 1990 makampuni saba, yakiwamo Intel, IBM, Microsoft na NEC, yaliungana kutunga kanuni za tundu moja litakalopokea vifaa vya kila aina. Toleo la kwanza la kanuni hizo lilitolewa Januari 1996. Toleo la 1.1 lilifuata mwaka 1998, la 2.0 mwaka 2000, na la 3.0 mwaka 2008. Mwendo wa juu wa matoleo hayo ni megabiti 12 kwa sekunde kwa 1.1, megabiti 480 kwa 2.0, na megabiti 5,000 kwa 3.0.

Yafaa kukumbuka kwamba USB si umbo la tundu tu. Ni makubaliano yenye madaraja matano: mguso, umeme, utambulisho, draiva, na mpangilio wa kumbukumbu. Kila daraja husimama juu ya lile lililo chini yake. Kwa hiyo swali la kujiuliza si "Je, kifaa hiki ni kibovu?" bali ni "Mazungumzo yamekatika katika daraja lipi?"

Daraja la kwanza: Mguso

Waya wa kawaida wa USB hadi toleo la 2.0 una nyuzi nne ndani yake. Kwa desturi wekundu huleta volti 5, mweusi hurudisha umeme, na mweupe na wa kijani huchukua habari. Flashi ya toleo la 3.0 yenye kichomeo cha mstatili ina vibati vile vinne vya zamani pamoja na vingine vitano vya nyongeza. Ndiyo sababu huweza kufanya kazi katika tundu la zamani, ingawa kwa mwendo wa zamani.

Adui wa daraja hili ni vumbi na kutu. Yeyote aliyekaa Dodoma wakati wa kiangazi anafahamu jinsi vumbi jekundu linavyopenya hata ndani ya kabati lililofungwa. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha safisha tundu kwa brashi laini na kavu. Vibati vya flashi vifute kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo, uviache vikauke kabisa.

Hapa pana jambo ambalo huwapotosha wengi. Ipo adapta ndogo inayogeuza kichomeo cha USB cha kipanya kiingie katika tundu la duara la zamani. Adapta hiyo haifasiri chochote. Huunganisha nyuzi tu. Kipanya kitafanya kazi kwa adapta hiyo ikiwa tu kimetengenezwa kujua lugha zote mbili, ya USB na ya tundu la duara. Flashi kamwe haitafanya kazi kwa njia hiyo. Kuingia katika tundu si kuelewana.

Daraja la pili: Umeme

Kwa kanuni za toleo la 2.0, kifaa kinapochomekwa huruhusiwa kutumia miliampea 100 tu hadi kitakapokubaliwa. Kikikubaliwa huweza kutumia hadi miliampea 500. Nguvu yake basi ni:

5 V × 0.5 A = 2.5 W

Kipanya hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo. Diski ya nje yenye sahani zinazozunguka huhitaji umeme mwingi hasa pale inapoanza kuzunguka, na huweza kupita kiasi hicho. Dalili zake ni mlio wa "tik, tik", taa inayowaka na kuzimika, au kompyuta kuzima tundu hilo.

Waya mrefu au mwembamba nao hupunguza volti. Tuseme waya wote, kwenda na kurudi, una ukinzani wa ohmu 0.5, na mkondo ni ampea 0.5. Volti zinazopotea njiani ni 0.5 × 0.5 = 0.25. Kifaa kitapokea volti 4.75 badala ya 5. Kwa hiyo tumia waya mfupi, na kwa vifaa vizito tumia kigawanyaji cha USB chenye chanzo chake cha umeme. Tundu la nyuma, lililofungwa moja kwa moja katika bodi kuu, mara nyingi ni bora kuliko lile la mbele linalofikiwa kwa waya mwingine ndani ya kasha.

Daraja la tatu: Utambulisho

Kompyuta hujuaje kwamba kimechomekwa kitu? Hapa mwanafunzi wa fizikia atakutana na rafiki yake wa zamani, kigawa-volti. Ndani ya kompyuta, kila waya wa habari umeunganishwa na ardhi ya saketi kwa kipingamizi cha kiloohmu 15. Kwa hiyo volti zake ni sifuri pasipokuwa na kifaa. Ndani ya kifaa, mmoja wa nyuzi hizo umeunganishwa na volti 3.3 kwa kipingamizi cha kiloohmu 1.5. Kifaa kinapochomekwa, volti za waya huo hupanda hadi:

3.3 × 15 ÷ (15 + 1.5) = 3.0 V

Hiyo ndiyo "hodi" ya kifaa. Ikiwa uliopanda ni waya wa kijani, mgeni ni wa mwendo wa megabiti 12 au zaidi. Ikiwa ni mweupe, ni wa mwendo mdogo wa megabiti 1.5, kama vile kibodi na kipanya vingi. Kompyuta hujibu "karibu" kwa kukirudisha kifaa katika hali ya mwanzo, kisha hukiuliza: U nani, umetengenezwa na nani, nawe ni wa jamii gani? Baada ya majibu hukipa namba, kuanzia 1 hadi 127, kama mwanafunzi mpya anavyopewa namba ya usajili.

Katika kompyuta kongwe daraja hili huweza kukatika kwa sababu iliyo rahisi: matundu ya USB yamezimwa katika programu ya msingi ya mashine iitwayo BIOS. Iwashe kompyuta, na mara moja bonyeza kitufe cha Delete au F2, kulingana na mashine, kisha tafuta mstari unaotaja USB uone kama umeruhusiwa. Ikiwa marekebisho yako yanapotea kila umeme unapozimwa, betri ndogo ya duara iliyo katika bodi kuu imekwisha. Katika mashine nyingi ni ya aina ya CR2032 ya volti 3, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Daraja la nne: Draiva

Baada ya kifaa kujitambulisha, mfumo wa uendeshaji hutafuta draiva, yaani programu ndogo inayojua kusema na kifaa cha jamii hiyo. Hapa ndipo umri wa kompyuta unapoonekana zaidi.

Windows NT 4.0 haikuwa na uwezo wa USB. Windows 95 ilipata uwezo huo kwa nyongeza za baadaye tu. Windows 98 iliifahamu USB tangu mwanzo, ikawa na draiva za kibodi na kipanya, lakini haikuwa na draiva ya jumla ya flashi. Nayo haina lawama, kwani flashi zilianza kuuzwa mwaka 2000. Kila flashi ilihitaji draiva yake kutoka kwa mtengenezaji. Windows Me, Windows 2000 na Windows XP ndizo zilizokuja na draiva ya jumla. Kwa upande wa Linux, matoleo ya kuanzia mwaka 2001 na kuendelea yana uwezo huo.

Tatizo hili lina ugumu wake: draiva inahitajika ili flashi isomwe, na draiva yenyewe imo katika flashi. Ni sawa na ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba. Ziko njia tatu za kutokea.

Njia ya kwanza ni kuiandika draiva katika CD kwa kutumia kompyuta nyingine. Kwa Windows 98 Toleo la Pili wapo wapenzi wa mashine kongwe waliokusanya draiva ya jumla inayofaa flashi nyingi.

Njia ya pili ni kuiwasha kompyuta kwa CD yenye Linux ndogo, kama vile Puppy Linux ya matoleo ya zamani, bila kugusa mfumo uliomo. Linux huona diski kuu na flashi kwa pamoja, na mafaili hunakiliwa kutoka huku kwenda kule.

Njia ya tatu ni kuitoa diski kuu na kuiunganisha na kompyuta mpya kwa adapta ya kugeuza IDE kuwa USB. Mgeni akishindwa kufika kwa mwenyeji, mwenyeji na apelekwe kwa mgeni.

Daraja la tano: Mpangilio wa kumbukumbu

Flashi ikisha kupata draiva, bado kompyuta inatakiwa kuelewa jinsi mafaili yalivyopangwa ndani yake. Flashi kubwa za siku hizi mara nyingi hutoka dukani zikiwa katika mpangilio wa exFAT. Windows 98 haiujui mpangilio huo, wala haiujui NTFS. Windows XP huujua exFAT baada tu ya kuongezewa sahihisho maalumu. Mpangilio unaoeleweka na karibu mashine zote kuanzia Windows 98 ni FAT32, ambao hata hivyo haupokei faili moja lenye ukubwa wa gigabaiti 4 au zaidi.

Hapa ndipo penye mtego. Kompyuta isiyoelewa mpangilio husema kwamba flashi haijapangwa, kisha huuliza kama ungependa ipangwe. Ukikubali, kila kilichomo hufutwa. Usikubali kabla ya kuikagua flashi hiyo katika mashine nyingine. Kwa kompyuta kongwe, weka akiba ya flashi ndogo, ya gigabaiti 2 hadi 8, iliyopangwa kwa FAT32.

Kisa cha Zuzu kilivyotatuliwa

Turudi sasa kwenye kompyuta ya mwalimu. Ilikuwa na Windows 98 Toleo la Pili na matundu mawili ya USB kwa nyuma. Mtu angeweza kusema kwamba vipimo vile visingehitaji flashi. Siku 365 kwa miaka 12 ni mistari 4,380; kila mstari ukichukua baiti 20, jumla ni baiti 87,600, ambazo zingeenea katika diski laini ya megabaiti 1.44 na nafasi kubwa ikabaki. Lakini kisomeo cha diski laini kilikuwa kimejaa vumbi hadi hakikuzunguka.

Tulianza chini. Tulisafisha matundu, tukachomeka kipanya cha USB, na mshale ukatembea katika kioo. Kwa jaribio hilo moja tulijua kwamba mguso ulikuwapo, umeme ulikuwapo walau kwa kifaa kidogo, na utambulisho ulifanyika. Tukachomeka flashi. Kikatokea kidirisha kinachoomba diski ya draiva. Wanafunzi walisema kwamba kidirisha hicho walikiona siku zote, wakakifunga wakidhani ni usumbufu. Kumbe kompyuta ilikuwa ikieleza wazi daraja ililokwama.

Tuliandika draiva ya jumla katika CD mjini, tukarudi siku ya pili. Draiva ikakubaliwa, flashi ikapewa herufi, wanafunzi wakapiga makofi. Lakini flashi ilipofunguliwa, kompyuta ilidai kwamba haijapangwa. Ilikuwa ya gigabaiti 64, katika exFAT. Kijana mmoja alikwisha kuweka kidole juu ya kitufe cha kukubali, na mwalimu akamzuia, kwani ndani yake mlikuwa na mitihani ya majaribio ya shule nzima. Tukatafuta flashi kuukuu ya gigabaiti 2, tukaipanga kwa FAT32 katika kompyuta nyingine, tukaichomeka.

Mafaili yalinakiliwa kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kuusimulia. Mwalimu hakusema neno. Alifungua faili la mwaka 2003, akaisoma mistari ya Desemba mmoja baada ya mwingine, kisha akaomba karatasi za printa.

Msomaji atambue kwamba makosa yalikuwa mawili, moja nyuma ya jingine. Aliyetatua la kwanza akaona flashi bado haisomeki angeweza kudhani kwamba draiva haikufaa, akaanza upya. Anayefahamu madaraja hujua kwamba tatizo jipya ni dalili ya kupanda daraja moja juu.

Kompyuta za umri wa kati

Shule nyingi hazina Windows 98, bali zina mashine za baadaye kidogo. Kwa Windows XP, mwendo wa USB 2.0 huhitaji nyongeza ya kwanza ya mwaka 2002 au ya baada yake. Kwa Windows 7, matundu ya USB 3.0, ambayo mara nyingi huwa ya buluu ndani, hayafanyi kazi hadi yawekewe draiva ya mtengenezaji; tumia tundu jeusi kwanza. Kompyuta yenye USB 1.1 peke yake huweza kuongezewa kadi ya USB 2.0 katika nafasi ya PCI ya bodi kuu, mradi mfumo wa uendeshaji una draiva ya kadi hiyo.

Muda wa msaada wa Microsoft kwa Windows XP ulikwisha tarehe 8 Aprili 2014, kwa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake ni kwamba kompyuta nyingi zilizokuwa mpya jana zimeingia katika kundi la kongwe. Ujuzi huu basi hauhusu makumbusho. Utahitajika kila mwaka.

Tahadhari

Kwanza, hewa kavu ya kipupwe hukusanya umeme tuli mwilini. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa saketi yoyote.

Pili, usiunganishe kwa kubahatisha nyuzi za matundu ya mbele katika bodi kuu. Wekundu na mweusi vikibadilishana, flashi huungua mara moja.

Tatu, usifungue kamwe kisanduku cha kupokea umeme kilicho ndani ya kompyuta. Hubaki na volti za hatari hata baada ya kuchomolewa.

Nne, flashi hubeba virusi. Zima uwezo wa mashine kongwe wa kuanzisha programu yenyewe pindi flashi inapochomekwa, na usiiunganishe mashine hiyo na intaneti.

Tano, diski inayokwaruza isiwashwe mara kwa mara. Andaa kila kitu kwanza, kisha iwashe, nakili, uizime.

Maswali ya kujipima

1. Kipanya kinafanya kazi katika tundu fulani, lakini diski ya nje haifanyi. Ni madaraja yapi umeyathibitisha kikamilifu, na ni lipi umelithibitisha kwa sehemu tu? Eleza kwa nini.

2. Waya wa USB una ukinzani wa jumla wa ohmu 0.6 na unachukua mkondo wa ampea 0.5 kutoka tundu la volti 5. Kifaa kinapokea volti ngapi?

3. Tundu la USB 1.1 linanakili wastani wa megabaiti 1 kwa sekunde, na la USB 2.0 megabaiti 30. Faili la megabaiti 450 litachukua muda gani katika kila moja?

4. Mwanafunzi ameshindwa kunakili filamu ya gigabaiti 5 katika flashi ya gigabaiti 8 iliyo tupu. Taja sababu inayowezekana na namna ya kuithibitisha.

5. Kazi ya vitendo: tafuteni shuleni kompyuta isiyotumika. Ikagueni daraja kwa daraja, mkiandika kila jaribio na matokeo yake. Kabla ya kuamua kuitupa, angalieni kwanza kilichomo ndani yake.

Hitimisho

Vipimo vya mvua vya Zuzu sasa viko katika flashi mbili, katika kompyuta mpya, na katika karatasi zilizowekwa ndani ya kabati la chuma ambalo mchwa hawaliwezi. Kumbukumbu iliyoko mahali pamoja tu haijahifadhiwa bado. Kabla diski ya shule yako haijaanza kukwaruza, ifungue, uione ina nini, ukinakili.